Moshi Mweusi Kwenye Kilima cha Kisarawe

Mwanangu Chausiku,

Umetoka sasa hivi kwenda Msimbu kumuaga bibi yako, na nyumba imekuwa kimya ghafla. Nimeona nikae niandike kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta na kama umechukua vyeti vyako, wewe utaniitikia "ndiyo Mama" huku unafunga mabegi, na maneno yenyewe yatapita hivyo hivyo. Ya sweta na ya chakula cha njiani tumeyasema wiki nzima. Humu sitayarudia.

Nataka kukuandikia kuhusu gari, na kuhusu siku ile ya masika tulipompeleka Pili hospitali. Siku ile tumewasimulia watu wengi, wa hapa Picha ya Ndege na wa Kibuta, mpaka wamechoka kutusikiliza. Lakini mimi na wewe hatujawahi kuizungumza tukiwa wawili. Kesho unaondoka na pikapu la marehemu baba yako kwenda kuanza kazi yako ya mifugo huko Kilolo, na mimi sitakuwa pembeni yako. Njia yote naipitia kichwani. Nafika Morogoro salama, naivuka mbuga ya Mikumi, nafika Ruaha Mbuyuni, halafu naanza kupanda Kitonga na hapo moyo unanipasuka. Mlima ule niliupanda zamani nikiwa abiria, baba yako ndiye anayeendesha. Nakumbuka malori yanajikokota, na upande wa pili bonde ambalo sikutaka kulitazama. Nikiliweka lile pikapu pale, nikakuweka wewe ndani yake peke yako, naona moshi mweusi unatoka nyuma na gari linaishiwa nguvu katikati ya kona.

Unajua moshi ule ulivyoanza. Ilikuwa kiangazi, wakati wa mihogo mingi, tunabeba kutoka Kibuta kuja kuuza hapa barabarani. Siku moja mwenye bodaboda alitupita akanionyesha kidole nyuma, nikatazama kwenye kioo nikaona wingu kama la mtu anayechoma matairi. Nikajiambia ni dizeli mbaya. Nikabadilisha kituo cha mafuta, na moshi ukaendelea. Kila niliyekutana naye akasema nozeli, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, maana hapa Picha ya Ndege gari la dizeli likikohoa tu kila mtu ni fundi wa nozeli. Fundi Mselemu akazifungua, akazisafisha, akazirudisha. Tukapumua siku chache, moshi ukarudi. Akapunguza mafuta kwenye pampu, moshi ukapungua kweli, ila gari likawa halivuti hata magunia machache, nikamwambia arudishe kama lilivyokuwa. Halafu akafungua chujio la hewa likakutwa limejaa vumbi jekundu, hata mwanga haupiti. Tukaweka jipya. Siku ile nilifurahi, nikakununulia soda, unakumbuka? Nilidhani tumemaliza.

Moshi ulipungua, haukuisha. Ikawa tukiwa hatuna mzigo gari linakwenda vizuri tu, lakini tukipakia na kuanza kupanda, nyuma panakuwa peusi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nililijua na sikumwambia mtu. Gari lile tangu enzi za baba yako lilikuwa na mluzi. Ukikanyaga mafuta, ile turbo inayosukuma hewa kwenye injini ilikuwa inapiga mluzi mwembamba, na baba yako alikuwa anasema ndivyo inavyoimba ikiwa na afya. Mluzi ule ulikuwa umekufa. Badala yake kulikuwa na sauti ya kuvuma, kama mtu anayepuliza moto kwa mdomo. Niliisikia, Chausiku. Niliisikia wiki kadhaa. Nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio.

Sijui kama utanielewa. Sikutaka kuisikia kwa sababu gari lile ndilo lililokuwa linatulisha, na niliona fundi akifungua tena atakuta kitu kikubwa, nami sina mahali pengine pa kushika. Baba yako alipofariki watu walinishauri niliuze. Nikaenda kujifunza kuendesha kwenye kiwanja cha mpira, mtu mzima, watoto wa shule wananicheka, kwa sababu sikutaka kuuza kitu cha mwisho alichokuwa anakishika kila siku. Kwa hiyo kila lilipotoa sauti mpya mimi nilijifanya ni sauti ya zamani.

Halafu ikafika siku ile. Tulikuwa Kibuta kwa mjomba wako Shomari, mvua imekatika kidogo, tumeshapakia mihogo, tunanawa miguu tuondoke. Mkewe Pili alikuwa zahanati, hatua chache kutoka pale, tangu alfajiri kwa uchungu, na sisi tulidhani tutaondoka na habari njema. Badala yake akaja Shomari mbio, hana viatu. Alisema muuguzi amegundua mtoto amekaa vibaya, Pili anatakiwa apasuliwe, apelekwe Kisarawe haraka, na gari la wagonjwa limeshatoka na mgonjwa mwingine, halijulikani litarudi saa ngapi. Hakuniomba. Alilitazama tu pikapu.

Tulimwaga ile mihogo pale pale kwenye matope. Wewe ulitandika godoro nyuma, ukafunga turubai juu. Muuguzi akamleta Pili wakapanda, Shomari akapanda, wewe ukakaa mbele na mimi. Nilipowasha, nikashindwa kuingiza gia, ukaniwekea mkono wako juu ya wangu, tukaiingiza pamoja.

Kwenye tambarare tulikwenda. Matope yalikuwa mengi lakini tulikwenda. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilimsikia Pili, na kila nilipomsikia niliongeza mafuta. Tulipoanza vilima, gari likaanza kulegea. Nikakanyaga. Kwenye kioo sikuona tena barabara, niliona moshi tu, mzito, unaingia mpaka chini ya turubai. Muuguzi akagonga kioo cha nyuma akisema mgonjwa anakosa pumzi. Nikakanyaga mpaka mguu ukagota kwenye bati. Na kadiri nilivyokanyaga ndivyo lilivyozidi kuchoka.

Ndipo uliposema, "Mama, simama."

Nikakwambia sisimami. Nilikuwa na hakika kwamba nikisimama kwenye mwinuko ule gari halitaondoka tena, na Pili atafia pale. Ukasema tena, na mimi nikakujibu vibaya, maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wewe unayajua. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Mama, ule mluzi umeacha lini?"

Mguu wenyewe ndio uliokujibu, maana uliachia. Gari likajisimamia pembeni.

Sehemu iliyofuata watu wanapenda kuisikia, na wewe huwa unaifupisha. Mimi nataka niiandike jinsi nilivyoiona. Ulifungua boneti, mvuke na joto vikakupiga usoni, ukarudi nyuma, ukarudi tena. Uliniambia nipige resi taratibu nikiwa nimekaa pale pale, bila gia. Ukawa unapitisha mkono juu ya mabomba ya hewa, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta upepo unapoingilia kwenye nyumba. Kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye turbo, upande wa chini ambako hakuna anayetazama, mkono wako ukasimama. Ukaniashiria niongeze. Ukaitikia kwa kichwa. Mpira ulikuwa umechanika, na hewa yote iliyotakiwa kuingia kwenye injini ilikuwa inatokea pale. Mafuta yanaingia tele, hewa haipo ya kuyachoma, yanatoka nyuma meusi hivyo hivyo. Mimi kila nilipokanyaga nilikuwa naongeza mafuta, kitu ambacho gari lilikuwa nacho kupita kiasi. Nilikuwa nalizamisha kwa mguu wangu mwenyewe.

Ulivua khanga uliyojifunga kiunoni, ukaushikia ule mpira maana ulikuwa wa moto, na Shomari akakupa mipira ya tyubu tunayofungia mizigo. Ulizungusha ukavuta, ukazungusha ukavuta, mpaka tyubu ikaisha. Muuguzi alikuwa anaita kwa nyuma. Pili alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio chake.

Ulipofunga boneti hukuniuliza. Ulikuja upande wa dereva, ukafungua mlango, ukasema, "Mama, kaa na Pili." Mimi nikashuka. Nilikuwa sijamwachia mtu usukani ule tangu baba yako afariki, na siku ile nilishuka kama mtoto aliyeamriwa. Nikakaa nyuma, nikakiweka kichwa cha wifi yangu mapajani. Ukaondoka kwa gia ya kwanza, polepole mno, mpaka nikataka kukupigia kelele ukanyage. Nikajiziba mdomo kwa ushungi. Hukukanyaga. Uliligawia gari mafuta yale tu liliyoweza kuyachoma, na tukapanda. Moshi ulikuwepo, lakini ulikuwa mwepesi. Tukapanda kilima cha kuingia Kisarawe kwa mwendo wa mtu anayetembea, magari yanatupigia honi, na wewe hukugeuka hata mara moja.

Pili alipelekwa moja kwa moja. Sisi tukakaa kwenye benchi, matope mpaka magotini, Shomari anazunguka mlangoni. Hapo ndipo uliponiambia jambo ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Ulisema, "Nilisikia inavuma tangu kiangazi, Mama. Niliogopa utasema najifanya fundi."

Mimi nikainuka nikasema nakwenda kutafuta chai. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, chai. Niliporudi, Shomari alikuwa amekaa chini sakafuni analia, nikadhani yameharibika. Alikuwa analia kwa sababu ameambiwa wote wawili ni wazima, mama na mtoto wa kike. Tukakumbatiana, tukacheka, vikombe vya chai vikamwagika, na lile uliloniambia likafunikwa na furaha. Nililiacha lifunikwe. Nilikuwa nimepata pa kujifichia.

Sasa nakujibu. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Ningesema hivyo hivyo ulivyodhani. Ningesema wewe umesomea ng'ombe, na magari niachie mimi. Watu wawili tulikuwa tumekaa kwenye kiti kimoja, wote tunaisikia sauti ile, mmoja anaongeza redio na mwingine ananyamaza, na nyuma yetu siku moja akalala mwanamke na mtoto tumboni.

Nimejitazama sana tangu siku ile. Mimi nikiogopa, nakanyaga. Ndivyo nilivyo. Ulipofeli hesabu kidato cha pili nilikutafutia masomo ya ziada asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, Jumapili pia, mpaka ukawa unasinzia kwenye sahani ya chakula. Mwalimu wako aliniita akaniambia mtoto amechoka, anahitaji apumzike. Nikamjibu kwamba yeye hajui uchungu wa kuzaa. Nilikuwa naona unaanguka, na kitu pekee nilichojua ni kuongeza. Hata haya ya safari, nimekuongezea begi juu ya begi, nimewapigia simu kwa ajili yako watu wa Iringa ambao wewe hutaki hata kuwajua, nimekununulia dawa za magonjwa ambayo huna. Jana uliniangalia tu ukatabasamu. Nililiona tabasamu lile. Ndilo ulilokuwa nalo mezani ukisinzia.

Wewe si kama mimi, unasimama. Sijui umetoa wapi, labda kwa baba yako, ambaye alikuwa anaweza kukaa pembeni ya gari bovu anakula chungwa mpaka wengine tunamkasirikia. Lakini una lako pia. Unanyamaza. Huko unakokwenda utakutana na wakubwa wenye sura kama yangu, watu wazima waliozoea kazi kabla hujazaliwa, na utasikia kitu kinavuma mahali ambapo wao wameongeza redio. Nakuomba useme mapema. Sema kwa adabu yako hiyo hiyo, lakini sema, hata kama mtu atakujibu kama nilivyokujibu mimi pale kilimani. Ulinivumilia mimi mama yako, utamvumilia na mwingine.

Mpira mpya tuliweka siku iliyofuata, wenye klipu za chuma, na mluzi ukarudi. Unajua. Usilolijua ni kwamba mimi sikuamini. Daktari aliponiambia jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, nisiendeshe mpaka nifanyiwe upasuaji, na tukakubaliana pikapu uende nalo wewe, nilianza tena kuuona moshi. Likiwashwa asubuhi natoka nje natazama bomba. Likiongezwa mafuta natazama. Kuna moshi kidogo linapobadilisha gia, na fundi Mselemu anasema ndivyo dizeli ya umri ule ilivyo, ukikanyaga ghafla litatema kidogo kisha litasafika, la kuogopa ni moshi unaobaki. Wewe ulinieleza hivyo hivyo. Nikaitikia, na nikaendelea kutazama.

Kwa hiyo jana, ulipokuwa umekwenda mjini kununua buti, nilifanya jambo. Nilimwomba jirani yetu Baba Neema aje aniendeshee. Yeye alikuwa dereva wa mabasi ya mikoani, Kitonga ameipanda mpaka ameichoka. Tulipakia magunia ya mchanga, yale ya fundi anayejenga hapo nyuma, mazito kuliko mzigo wako wote na begi zangu zote. Mama Neema aliuliza tunakwenda wapi na mchanga wa watu, nikamwambia tunakwenda kuupima. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Tulikwenda mpaka Kisarawe, kwenye kilima kile kile. Baba Neema akaniambia nikae mbele, nikakataa. Nilipanda nyuma, nikakaa juu ya magunia, mgongo kwa dereva, uso kwa barabara, jicho langu zima likitazama bomba la moshi. Mwanamke wa umri wangu, ushungi unapepea, watu wa dukani wanasimama kutazama. Baba Neema akaanza kupanda. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili na nasoma kila dua ninayoijua.

Alipobadilisha gia ya kwanza kwenda ya pili, gari likatema moshi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, moshi ulikuwa umeshachanganyika na hewa, na nyuma yake hakukuwa na mwingine. Likapanda. Nikamgongea nikamwambia akanyage, akakanyaga, likatema tena kidogo, likasafika tena. Tulipofika juu nikamwambia ashuke turudie. Akageuza bila kuuliza. Tukapanda tena. Akanieleza kwamba Kitonga utaipanda hivi hivi, kwa gia ndogo, bila papara, na kwamba lile gari litapanda. Alisema na dereva atapanda. Hilo la pili sikuwa nimemuuliza.

Mara ile ya pili sikufumba macho. Niliiona barabara yote tuliyoipanda, mpaka kule chini kabisa, nyeusi kwa lami na si kwa moshi, na mtu mmoja anaivuka na baiskeli yake, namwona vizuri mpaka rangi ya shati.

Nasikia pikipiki imekata kona, nadhani ni wewe. Nafunga hapa. Nitaikunja nikuwekee ndani ya sweta. Ndiyo, nimeiweka sweta mwenyewe.

Mama yako, anayebaki na hofu yake hapa nyumbani ili wewe uende bila hiyo,

Mwanaisha